Umepimaje?

Haya niliyaongea Jumamosi moja Temeke, kwenye ukumbi mdogo, mbele ya wanafunzi wa sekondari na wazazi wao. Dada mmoja alirekodi kwa simu akanitumia, nikakaa nikayaandika karibu kama yalivyotoka, nimepunguza tu kikohozi na zile sehemu feni lilikuwa linapiga kelele mpaka mimi mwenyewe sijisikii.

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, mambo vipi. Nashukuru kwa kunialika, na nashukuru zaidi kwa kuvumilia hili joto, maana niliambiwa tunaanza saa nne na sasa hivi inakimbilia saa sita, kwahiyo salamu ndefu tuziache. Mimi ni fundi wa maabara, yaani yule mtu anayeosha vyombo usiku ili kesho yake mwalimu aonekane anajua. Miaka mingi nimepima vitu tu, maji, maziwa, udongo, rangi. Leo nimepewa mada inaitwa misingi ya kemia, na najua ukisikia kemia unawaza lile jedwali lenye herufi ukutani. Hilo leo hatuligusi. Leo tuna ndoo ya maji na vipande viwili vya mti.

Viangalieni. Vyote vyeusi, vyote vina saizi kama nusu mche wa sabuni. Swali langu, nikivitumbukiza humu kipi kitaelea? Nyoosheni mikono. Vyote? Karibu ukumbi mzima, na mama pale nyuma amenyoosha miwili kabisa. Kuna anayesema kitazama hata kimoja? Hamna. Haya kwanini vitaelea? "Kwa sababu ni mti." Sawa, hilo neno lishikeni, mti unaelea. Sasa angalieni.

(Cha kwanza kikaelea. Cha pili kikaenda chini chubwi, kikagonga kitako cha ndoo. Kelele.)

Ngojeni, ngojeni. Dogo mwenye fulana ya bluu umesema nini? Sema kwa sauti. "Kuna msumari ndani." Jamani mpigieni makofi huyu. Sijasema amepatia, nimesema mpigieni makofi. Ameona kitu hakikubaliani na alichokuwa anaamini, hajasema uchawi, hajasema huyu mzee mjanja mjanja, ametoa sababu ambayo tunaweza kuichunguza hapa hapa kabla hatujaenda kula. Sasa dogo, kama kuna msumari ndani, nini kingine lazima kiwe kweli? "Sumaku itashika." Eeh! Nani ana sumaku? Hapo nje kuna fundi redio, muombeni spika mbovu, spika haikosi sumaku nyuma yake.

(Wakaenda wakaja nayo. Tukajaribisha kwanza kwenye kufuli la mlango, ikang'ang'ania. Kwenye mti haikushika popote, tukageuza pande zote.)

Umeona tulivyoanza na kufuli? Hilo msilichukulie poa. Kama tungeenda moja kwa moja kwenye mti ikakataa kushika, ungejuaje kwamba sumaku yenyewe ni nzima? Kwanza unakipima kipimo chako kwenye kitu unachokijua. Haya dogo, sasa unasemaje? "Basi ni msumari wa shaba." Msimcheke! Ni kweli sumaku haishiki shaba. Lakini mdogo wangu, mimi nafunga mlango wewe unatokea dirishani. Tukiendelea hivi nitafunga dirisha utaniambia msumari wa dhahabu, halafu msumari usioonekana, tutafika mahali hamna jaribio lolote duniani linaloweza kukuonyesha umekosea, na hapo sasa umetoka kwenye sayansi umehamia kijiweni. Shaba nakupa, ila tutaipima. Tutairudia mbele.

Hii mliyoifanya ndani ya dakika kumi ndo ile iliyoko kwenye madaftari yenu, kutambua tatizo, kuuliza, haipothesisi yaani dhana unayotaka kuijaribu, jaribio, data, hitimisho, mnaikariri kama vituo vya daladala. Sina ugomvi na huo mpangilio, mtihani unautaka uandikeni. Ila kwenye kazi yenyewe haiendi kwa foleni hivyo. Unaanzia katikati, unarudi nyuma, jaribio linaharibika, unagundua swali lako lilikuwa bovu tangu mwanzo. Kinachobaki pale pale ni kimoja tu, umekubali kabla ya kujaribu kwamba matokeo yakija hivi basi mimi nimekosea. Na mkumbuke hesabu yake ilivyo ya ajabu, mmeona mbao zinaelea tangu mmezaliwa, elfu na elfu, na bado kipande kimoja tu kwenye ndoo ya Temeke kimewavunjia neno lenu lote.

Kulikuwa na kijana wa hapa hapa Tanzania, Erasto Mpemba, wengine jina lake mnalijua. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu, sekondari ya Magamba, Lushoto huko. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu ya maziwa, unachemsha maziwa na sukari, unasubiri yapoe ndo unaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi kwenye friji ni ya kugombania, mwenzake akaweka yake bila hata kuchemsha, Mpemba akaona hapa nikisubiri yapoe nakosa nafasi, akaweka ya moto vile vile. Kurudi baadae, ya kwake imeganda, ya mwenzake bado. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa hiyo haiwezekani. Alipoenda kusoma Mkwawa kule Iringa akauliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba sio fizikia ya dunia, na darasa zima likawa linamtania nayo, kitu chochote akikosea wanasema ya Mpemba hiyo.

Halafu akaja mgeni kutoka chuo kikuu hapa Dar, mwalimu wa fizikia anaitwa Denis Osborne, kutoa mhadhara. Mpemba akasimama akauliza lile lile swali mbele ya watu, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar akampa fundi wa maabara alijaribu, na hapa ndo mimi napapenda kwa sababu ni fundi mwenzangu, fundi akaleta jibu kwamba kweli ya moto imetangulia kuganda, ila akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi! Mnaona? Jibu liko mkononi, yeye anatafuta lile alilokuja nalo kutoka nyumbani. Sote tunafanya hivyo, mimi nimefanya hivyo, unapima mara tatu unaichukua ile inayofanana na kitabu. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala kwenye jarida la walimu wa fizikia la Uingereza, na mpaka leo dunia nzima hali hiyo ya cha moto kutangulia kuganda inaitwa athari ya Mpemba.

Tena haijaisha. Mwaka 2016 watafiti Uingereza walirudia kwa uangalifu wakasema hawaioni, na wakaonyesha kwamba ukihamisha kipimajoto hata sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo unaweza kupata jibu tofauti. Wengine bado wanabishana nao. Yaani ugomvi wote huo wa miaka na miaka unarudi kwenye swali moja, umepimaje? Kipimajoto kilikuwa wapi? Unaposema imeganda una maana gani, imeanza kuganda au imekuwa jiwe lote?

Haya twende kwenye vipimo.

Mama zangu hapa mnajua zaidi yangu. Ukienda sokoni, mchele kilo, unga kilo, maharage kilo au kisado, dagaa kisado au fungu, mkaa kopo, nyanya fungu, mafuta ya kula lita au yale ya kupimiwa kwenye kikombe. Sasa hapo kuna vitu viwili tofauti kabisa vimechanganyika, kuna tungamo na kuna ujazo. Kilo ni tungamo, ni wingi wa kitu chenyewe. Lita, kopo, kisado, debe, hizo zote ni ujazo, ni nafasi ambayo kitu kimekalia. Na anayekuuzia kwa nafasi wakati wewe kichwani unahesabu kwa wingi, huyo kakuweza. Mkaa! Kopo limejaa hadi mlima juu, lakini vipande vimepangwa kwa ufundi, viwili vimeegemeana kama paa la nyumba, katikati hewa. Umenunua hewa ya Pugu mama. Ndo maana ukilitikisa kopo muuzaji anakasirika.

Lumbesa nayo ni hiyo hiyo ila imegeuzwa, hapo anayeumia ni mkulima. Gunia la viazi au vitunguu linajazwa, likijaa linashonewa kofia juu, na juu ya kofia linashonewa kofia lingine, linakuwa kama mtu kabeba mtoto, halafu bei ni ya "gunia". Gunia gani? Sheria ya Vipimo iko wazi, mwisho ni kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanalipigia kelele kila mwaka. Lakini mnunuzi akifika shambani na lori na mkulima ana mvua inakuja, nani ataleta mzani? Nimeshasimama pembeni nikaangalia hilo jambo kwa mjomba wangu, nina digrii ya kupima vitu na sikusema neno, kwahiyo siwahubirii kutoka juu.

Turudi kwenye vipande vyetu. Mama njoo, shika hiki mkono huu na hiki mkono huu. Kipi kizito? "Hiki kilichozama." Kwa kiasi gani? "Mara mbili hivi." Huyu mama mkono wake ni mzani, ila mkono hauna namba, na ukitoka kubeba ndoo mbili za maji kila kitu utakachoshika baada ya hapo ni chepesi. Tuweke kwenye mzani, huu ni wa jikoni tu, wa keki. Kilichoelea gramu 148. Kilichozama gramu 306. Mama ni hatari.

Lakini bado hatujafika. Gramu 306 sio sababu ya kuzama. Pantoni ya Kigamboni ina tani na tani za chuma na inaelea na magari juu, na sindano ya kushonea haifiki hata gramu moja inazama. Lile fumbo la shule ya msingi mnalikumbuka, kilo ya pamba na kilo ya chuma ipi nzito, watoto wote wanasema chuma. Wanakosea neno tu, hawakosei wanachokiona. Wanachokiona kina jina lake, densiti. Kwenye vitabu vya Kiswahili wanaita msongamano na mimi napenda hilo jina kwa sababu linanipeleka Mbagala. Daladala ni ile ile, bodi ile ile, saa sita mchana ina watu kumi na mbili wamekaa wanachati, saa kumi na mbili jioni ina watu sitini na mmoja ananing'inia. Nafasi haijabadilika, kilichobadilika ni wingi ndani ya nafasi. Basi densiti ni hivyo tu, chukua tungamo ugawe kwa ujazo. Gramu ngapi zimekaa kwenye kila sentimita ya ujazo moja.

Tungamo tunalo. Ujazo tunapataje, kipande chenyewe kimechongwa ovyo hakina pembe? Nina jagi la plastiki lina mistari. Naweka maji mpaka lita moja kamili. Njoo usome wewe. Hapana, usisimame, inama, jicho liwe sawa na maji, ukiangalia kwa juu unasoma uongo. Na kwenye zile silinda nyembamba za maabara utaona maji yanapanda kidogo ukutani yanatengeneza kama bakuli, unasoma chini ya bakuli, sio kwenye ukingo. Haya nazamisha kipande, maji yamefika wapi? 1250. Kwahiyo kipande kimesukuma mililita 250, na mililita moja ni sawa na sentimita ya ujazo moja. 306 gawa kwa 250? "1.224." Safi.

Sasa nifute namba yako. Usinune. Mistari ya jagi hili inatofautiana 50 kwa 50, wewe umekadiria katikati. Je una uhakika ni 250 na sio 240? Huna. Tuseme umekosea nusu ya mstari kila upande, ujazo wa kweli uko kati ya 225 na 275. Gawa zote mbili. 1.36 na 1.11. Kwahiyo ile 1.224 namba mbili za mwisho ni mapambo, kikokotoo kimekupa bure na wewe ukazipokea. Sema 1.2 na mtu aelewe inaweza kusogea. Lakini angalieni uzuri wake, hata tukichukua ile ya chini kabisa, 1.11, bado iko juu ya moja. Maji ni 1. Kitu chenye densiti kubwa kuliko maji kinazama, ndogo kinaelea. Kipimo changu ni kibovu na hata hivyo kimetosha kujibu swali langu. Ungeniuliza mti huu ni 1.22 au 1.24 ningekwambia sijui, niletee jagi lingine. Kwa kazi ya maabara hapa ndo penyewe, ukitoa namba uitoe na kiasi gani inaweza kuwa imekosea, na namba isiyo na huyo ndugu yake mimi siiamini hata ikija na koma nane.

Kile kingine kinachoelea inabidi ukisukume kwa ncha ya sindano mpaka kizame chote ndo usome, vinginevyo unapima nusu. Kimefika 1250 hivyo hivyo. 148 kwa 250, kama 0.6.

Niwaambie sasa. Kile kinachoelea ni mti laini wa kawaida, nimekipaka kiwi ya viatu mimi mwenyewe jana usiku, ndo maana mama mikono yako sasa hivi ni myeusi, samahani. Kilichozama ni mpingo, nilipewa na mchongaji, kipande alichokuwa anatupa. Mpingo huu huu wa vinyago, huu huu wa Lindi na Kilwa, ambao Ulaya wanautengenezea klarineti. Densiti yake inazunguka 1.2 na zaidi kidogo. Na kuna jambo moja limenishangaza nilipolisoma mara ya kwanza, kuta za mti wenyewe, ile nyama ngumu ya mti, kwa miti yote ni karibu 1.5. Yaani mti wowote ukiuondoa hewa unazama! Mbao inaelea kwa sababu imejaa vijumba vidogo vya hewa, kama kopo la mkaa. Mpingo vijumba vyake ni vidogo na vichache na vimejaa utomvu mgumu. Gogo likikaa kwenye maji muda mrefu likanywa, nalo linaenda chini.

Dogo wa shaba bado upo? Njoo tupige hesabu yako. Tuseme uko sahihi, huu ni mti wa kawaida wa 0.6 na ndani kuna shaba. Densiti ya shaba ni 8.96. Ili kipande hiki cha ujazo wa 250 kifike gramu 306 inabidi ndani kuwe na shaba ya sentimita za ujazo karibu 19, gramu kama 167. Zaidi ya nusu ya uzito wote ni shaba. Huo sio msumari tena, hiyo ni nondo, na kwa bei ya shaba ya sasa nisingeiacha mle ndani. Haijakukatalia moja kwa moja, ila umeona dhana yako imeanza kuwa ghali?

Mnajua ile ya Arkimede, yule Mgiriki wa kale, mfalme wa Sirakusa anamtaka ajue kama taji lake ni dhahabu tupu, naye akaruka kutoka kwenye beseni uchi. Mimi ile ya uchi siitilii maanani, aliyeiandika aliishi karibu miaka 200 baadae, na Galileo mwenyewe mwaka 1586 alisema kwa akili ya Arkimede ile njia ya kumwaga maji ni ya kizembe mno, lazima alitumia mzani ndani ya maji. Lakini wazo ni zima, dhahabu ni 19.3, fedha ni 10.5, huwezi kumficha mmoja ndani ya mwenzake bila ujazo kukusema. Na kuna mtu anasahaulika, al-Biruni, alizaliwa mwaka 973 kule Khwarizm, Asia ya Kati, huyu alipima madini na vito kimoja kimoja kwa chombo alichotengeneza mwenyewe chenye mdomo wa kumwagia maji, na namba zake nyingi ukiziweka pembeni ya za leo unaona haya kuwa na mzani wa umeme. Kwa sonara wa Kariakoo kazi ni ile ile. Ila mjue ina shimo lake, kuna metali inaitwa tangsteni, densiti yake ni 19.25, imekaa mlangoni kwa dhahabu kabisa, mtu akijaza tangsteni ndani na kupaka dhahabu juu, densiti peke yake haitamkamata.

Hilo la shimo ndo nataka tulikalie, kwa sababu watu wakijifunza kipimo kimoja wanakiabudu.

Mafuta. Petroli inazunguka 0.74, mafuta ya taa 0.80, dizeli 0.84. Mnakumbuka enzi za kuchakachua? Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, yakawa rahisi, watu wakawa wanayapiga kwenye dizeli. Sasa wewe ujifanye mjanja, umechukua haidromita yako ile ya kioo inayoelea, unataka kumkamata. Amechanganya sehemu tisa za dizeli na moja ya mafuta ya taa. Piga hesabu, inakuja 0.836. Na dizeli halali kabisa, toka meli hii na meli ile, inacheza kati ya 0.82 na 0.85. Umemkamata? Hujamkamata, unampa risiti. Ndo maana EWURA, ile mamlaka ya kusimamia nishati na maji, mwaka 2010 walikuja na vinasaba, wakawa wanaweka alama kwenye mafuta halali halafu wanapima ile alama imebaki kiasi gani, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo wenyewe usiwe na faida. Kipimo kimoja kilishindwa wakatafuta swali lingine la kuyauliza mafuta.

Maziwa ndo tamu zaidi. Maziwa mazima ya ng'ombe ni kama 1.030. Ukitia maji sehemu moja kwa nne za maziwa inashuka 1.024, laktomita, yaani haidromita ya maziwa, inapiga kelele, umeumbuka. Kwahiyo mjanja anafanyaje? Mafuta ni mepesi, malai ndo yanayoshusha densiti ya maziwa. Anaengua malai kwanza, anauza pembeni, maziwa yanapanda 1.035, halafu anatia maji taratibu mpaka irudi 1.030. Laktomita inasoma safi kabisa, na wewe umeuziwa maji yenye rangi. Kaiba mara mbili ili kipimo kimuone mwaminifu! Huyo mtu ni mwanakemia, basi tu hakupelekwa shule. Ndo maana wanaopokea maziwa wanaojua kazi wanapima na mafuta pia.

Na uniti. Uniti mnaziandika kama mnawafanyia walimu hisani. Mwaka 1983 Kanada kulikuwa na ndege mpya, Boeing 767, kipimo chake cha mafuta kimeharibika, wakapima kwa kijiti kama dereva wa lori. Kijiti kimesema kwenye matangi kuna lita 7,682. Ndege inahitaji kilo 22,300. Ili utoke lita kwenda kilo unahitaji nini? Densiti! Densiti ya yale mafuta ilikuwa 0.803 kilo kwa lita. Wao wakazidisha kwa 1.77. Hiyo 1.77 nayo ni namba halali kabisa ila ni ya paundi kwa lita, walikuwa ndo wanahama kutoka paundi kuja kilo. Kwahiyo wakaamini wana kilo elfu kumi na tatu na ushee wakati wana elfu sita na kidogo, wakaongeza lita elfu tano wakati ilitakiwa lita elfu ishirini. Injini zote mbili zikazima angani. Rubani alikuwa anajua kurusha ndege zisizo na injini, akaielea mpaka kiwanja cha zamani cha jeshi mahali panaitwa Gimli, watu 69 wote wakatoka hai. Namba ilikuwa sahihi, kuzidisha kulikuwa sahihi, koma mahali pake. Kilichokosekana ni neno moja baada ya namba.

Maswali. Mzee pale. "Asali ninunue kwa lita au kwa kilo?" Mzee wangu, asali nzuri ni karibu 1.4, chupa ya lita moja inabeba kilo moja na gramu mia nne. Ukinunua kwa lita ukauza kwa kilo umeshinda, wakikufanyia wewe hivyo umeliwa. Na ukiona lita yako iko chini sana ya hapo basi labda mwenzio kashaongeza maji. Binti? "Kwenye bahari mpingo utaelea?" Maji ya bahari yetu ni 1.025 hivi, bado mpingo uko juu, utazama. Yai zima la leo nalo linazama kwenye maji ya bomba, ukizidi kuongeza chumvi linapanda, wakulima wa mpunga wanalitumia yai hilo kujua maji ya chumvi yamefika ya kuchagulia mbegu, mbegu nzito chini mapepe juu. Jaribu leo nyumbani, usimwage chumvi yote ya mama.

(Hapo mwenyekiti akaanza kuniangalia saa. Lakini yule dogo wa fulana ya bluu alikuwa ameshatoka, akarudi na fundi seremala wa mtaa wa pili na msumeno, fundi analalamika kwamba mpingo unaua meno. Wakakibana kwenye mguu wa meza, wakakata kwa zamu kama robo saa, watu wamezunguka. Kati kulikuwa na mti mweusi tu. Wakavitupa vipande vyote viwili kwenye ndoo, vyote vikaenda chini. Dogo akaingiza mkono, akatoa kile kidogo, akakikausha na fulana yake, akamuuliza fundi kama anaweza kukikata tena.)